Gari Lisilotakiwa Kuonja Maji

Kinyozi hakuwahi kumkatalia mtu neno. Si kwamba alikuwa mwoga, la. Ni kazi ndiyo iliyomlea hivyo. Umemshikia mtu wembe kooni, yeye ameinua kidevu anakueleza jinsi dunia inavyopaswa kwenda, utambishia? Ukimbishia atageuza shingo, na akigeuza shingo mmeharibikiwa wote wawili. Basi tangu ujana wake alikuwa na jibu moja tu: "Umesema kweli." Aliyekaa kitini akasema mvua itanyesha, alisema kweli. Aliyekaa baada yake akasema mwaka huu hata wingu hatutaliona, naye alisema kweli. Wote walitoka wameng'aa vichwa na mioyo yao imetulia.

Shida ni kwamba jioni, akishafunga duka na kukung'uta nywele kwenye suruali, jibu lile alirudi nalo nyumbani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtaani wakimwita Bi Sindano, na katika miaka yote ya ndoa hakukumbuka kugombana na mumewe hata siku moja. Majirani walimwonea wivu. Hawakujua adha ya kuishi na mtu anayekukubalia kila kitu. Ukimwambia bati linavuja, umesema kweli, na bati linaendelea kuvuja. Ukimwambia mbuzi wa jirani anakula nguo zilizoanikwa, umesema kweli, na jirani akipita kusema mbuzi wake hana tabia hiyo, naye kasema kweli. Bi Sindano alijifunza kuvumilia. Alikuwa mtu wa kushona mshono mdogo mdogo, taratibu, na kilichoharibika alikifumua akaanza tena bila kusonya.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Alikuwa na pacha wake, aliyeolewa upande wa pili wa mlima, na kumwona kwa macho ilikuwa kazi. Gari lipo. Linasimama uani, mbele kabisa ya dirisha la cherehani, refu, la rangi ambayo hapo zamani ilikuwa samawati. Mtaani linakwenda vizuri tu. Likianza kupanda mlima linahema, likifika kona ya pili linachemsha, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria lililosahauliwa jikoni, na safari inaishia hapo. Walikuwa wamekaa kwenye kona ile mara nyingi hivi kwamba mama muuza ndizi wa pale alidhani ndiko waendako. Akiwaona tu wanajikokota, anafuta kigoda, anamkaribisha Bi Sindano, anauliza habari za watoto. Gari likishapoa na kunyweshwa maji, wanageuza na kurudi nyumbani na ndizi.

Bi Sindano alikwisha kusema apande basi. Mumewe akajibu amesema kweli. Lakini asubuhi yake alimkuta mzee amepiga pasi shati, amekaa peke yake nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, anatazama ukuta. Hakulalamika. Alikaa tu. Bi Sindano akarudi ndani akatoa nguo kwenye mkoba. Gari lile alilibandika jina la Mke Mwenza tangu siku hiyo.

Sasa wiki hii pacha alipiga simu.

"Mwanangu anakuja kunichukua nikaishi naye," alisema. "Huko ni mbali, mwenzangu, ni kwa ndege. Jumapili tunaondoka. Jumamosi nakusubiri, na safari hii usiniletee habari za kona ya pili. Usipofika nitajihesabu nilizaliwa peke yangu."

Bi Sindano alikata simu, akaenda mpaka dukani kwa mumewe, akasimama mlangoni mpaka mteja akanyanyuka.

"Baba watoto, Jumamosi lazima nifike kwa pacha wangu. Gari hili lisichemshe."

"Umesema kweli," Kinyozi alijibu, na kwa mara ya kwanza jibu lile lilimwacha ameinamisha kichwa. Alimpenda sana huyo pacha, shemeji yake. Na siku ya harusi yao ni yeye mwenyewe aliyemwahidi, mbele ya watu, kwamba kuoa mmoja hakutawatenganisha wawili.

Akaanza kutafuta ushauri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu alikuwa na wakwe wawili, wote wanajua magari, na wote anawanyoa yeye.

Wa kwanza, aliyemwoa binti mkubwa, alikuwa na duka la vipuri. Alikaa kitini, akafunikwa shuka shingoni, akasema: "Baba, tatizo lako ni maji. Siku zote unatia maji ya bombani. Maji yanachemka, yanatia kutu, yanavimbisha mipira. Mimi nina kulanti mpya, dawa ya kupoza injini, haina maji kabisa. Kule ambako maji yanaruka mvuke, yenyewe wala haijaanza kutokota. Tunamwaga yote yaliyomo, tunakausha, tunatia hiyo, basi. Sharti moja: lisionje maji tena. Hata tone."

"Umesema kweli," Kinyozi alisema, akimsafisha nyuma ya sikio.

"Nije nitie kesho asubuhi?"

"Njoo."

Wa pili, aliyemwoa binti mdogo, alikuwa na gereji. Alikaa kwenye kiti kile kile, joto la mwenzake halijatoka. "Baba, usidanganywe na mambo mapya. Hakuna kinachobeba joto kama maji. Kosa lako ni kuyatia matupu. Nusu kulanti ya kawaida, nusu maji safi yaliyochujwa, injini inapoa vizuri na kutu haishiki. Na yakipungua njiani, unaongeza popote."

"Umesema kweli."

"Nipite kesho mchana?"

"Pita."

Bado mtasema mzee alidanganya. Hakudanganya. Kila mmoja alipokuwa akisema, alimwamini kabisa.

Siku ya pili asubuhi Bi Sindano, akiwa kwenye cherehani, alimwona mkwe wa duka la vipuri akiingia uani na galoni zake. Alimwamkia mama kwa heshima dirishani, akavua saa, akafungua rejeta, lile tangi la maji mbele ya injini, akamwaga. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai. Akapuliza kwa pampu, akakausha, akapuliza tena, kisha akamimina kitu chekundu, kizito, kwa uangalifu kama anayemnywesha mtoto dawa. "Mama," alisema akiondoka, "nakuomba sana, mtu yeyote asitie maji." Bi Sindano akasema amesikia.

Mchana, mkwe wa gereji akaingia. Akamwamkia mama dirishani. Akafungua rejeta, akachovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Baba kauziwa kitu barabarani," alisema. Akamwaga chekundu chote kwenye beseni, akaosha kwa mpira wa maji, akatia chake cha kijani.

Bi Sindano alisimamisha cherehani. Angesema, lakini aseme nini? Mkwe amejipenyeza chini ya gari, nusu ya mwili iko nje, na mama mkwe amwite aanze kumweleza mambo ya boneti? Aliona aibu. Tena alidhani pengine ndivyo dawa inavyotiwa, awamu kwa awamu, kama kufua nguo nyeupe. Hata hivyo alijitanda kanga akaenda dukani kwa mumewe.

"Baba watoto, mmoja katia na mwingine katoa."

Kitini alikuwako mteja amejaa povu mpaka puani. "Umesema kweli," Kinyozi alisema, akiufuta wembe. "Nitawaambia."

Akamwambia nani? Jioni yule wa dukani alipita kuulizia, akasema, "Baba, sasa moyo wako si umetulia?" na mzee akamjibu amesema kweli.

Ijumaa mkwe wa dukani alikuja kukagua kazi yake. Akafungua kifuniko, akaona kijani. Akatazama ukuta wa uani, akatazama geti. Kisha akaja dirishani, sauti chini.

"Mama, hapa mtaani mna wezi?"

"Wezi wa nini, mwanangu?"

"Wa kulanti. Wameiba ile nzuri, wametia hii ya kawaida kuficha wizi. Watu wabaya sana. Wamefunga mpaka kifuniko."

Bi Sindano alifungua mdomo, lakini mkwe alikwisha kwenda kuchukua galoni nyingine. Akamwaga kijani, akapuliza, akakausha, akatia chekundu, na safari hii akafunga boneti kwa waya. Akapita dukani kwa mzee kumpa habari za wezi. Mzee alisema siku hizi ndivyo ilivyo.

Usiku ule Kinyozi hakula vizuri. Bi Sindano alimwekea sahani, akamtazama anavyokizungusha chakula, akamwambia kwa upole, "Kesho ni Jumamosi." Mume alijua alichoambiwa.

Kulipopambazuka, Bi Sindano alikuwa amekwisha kuoga, amevaa, na amekaa kiti cha nyuma cha gari, mkoba mapajani. Alijiambia akishakaa humo, watu wataona haya kuendelea kuchelewa. Akiwa humo alihisi gari likinesanesa. Mtu alikuwa chini yake.

Ni mkwe wa gereji. Alikuwa amepita mapema kuhakikisha, akakuta boneti limefungwa waya, akakata waya, akakuta chekundu tena. Sasa alikuwa amelala chali, anamwaga mpaka tone la mwisho, na hakumwona mama aliye juu yake. Mara geti likalia, akaingia mkwe wa dukani, ambaye alikuja kumvizia mwizi. Akaona miguu miwili imechomoza chini ya gari. Akaikamata.

"Nimekupata," alisema, akivuta.

Akatoka mwanyumba wake.

Wakatazamana. Mume wa mkubwa kashika miguu, mume wa mdogo kashika beseni.

"Kumbe ni wewe," alisema wa dukani.

"Ni mimi nini? Ni wewe unayemtilia baba uji?"

"Uji? Kulanti ya kisasa hiyo, mwanyumba, na umeimwaga mara mbili."

"Umenimwagia na mimi yangu."

"Shikamooni," alisema Bi Sindano kutoka dirisha la gari, maana alibabaika. Wakwe wakaruka wote wawili, wakaachia miguu na beseni, wakamwamkia wao ipasavyo. Kuanzia hapo ugomvi ukabidi uwe wa adabu.

"Mwanyumba, kwa heshima zote," alisema wa dukani, mikono nyuma, "maji yanachemka. Hata mtoto anajua. Changu hakichemki mlimani."

"Kwa heshima hizo hizo, kisichochemka hakisemi. Hakibebi joto kama maji. Injini itapata moto polepole na mzee hataona hata mvuke wa kumshtua."

"Itapata moto kidogo tu. Na haitaota kutu maisha."

"Na kikipungua huko juu, ataongeza nini? Mate?"

"Mwanyumba, mama yumo garini."

"Nimesema mate kwa heshima."

Kinyozi alitokea mlangoni na shati lake la pasi. Wakwe waligeuka kwa pamoja. Mmoja galoni nyekundu mkononi, mwingine galoni ya kijani, na katikati gari tupu, kifuniko wazi, kama kifaranga kinachosubiri kulishwa.

"Baba, sema wewe," alisema wa dukani.

"Ndiyo, baba. Useme wewe," alisema wa gereji.

Mzee alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mmoja mume wa binti mkubwa, mwingine mume wa binti mdogo. Akalamba midomo.

"Nyote mmesema kweli," alisema.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Bi Sindano alishuka, akanyoosha kanga, akatundika mkoba begani. Hakuwa na hasira usoni. Hilo ndilo lililowatisha.

"Baba watoto," alisema, "gari hili halifiki popote. Mimi nakwenda kwa basi."

"Umesema kweli," Kinyozi alijibu.

Neno lilimtoka kama kikohozi, kabla hajajua. Bi Sindano aliitikia kwa kichwa, akashika njia ya geti. Viatu vyake vilisikika kwenye kokoto, taratibu, mshono mdogo mdogo. Alifika getini. Akaweka mkono kwenye komeo.

"Hapana," alisema Kinyozi.

Mkwe wa gereji alidondosha spana.

Bi Sindano aligeuka nusu. Hakuwa na uhakika ni nani aliyesema, maana neno lile hakuwahi kulisikia kwa sauti ile. "Hapana nini?"

Mzee alikuwa akijifuta mikono kwenye shati, kama anayefuta povu. "Hapana, usiende. Subiri kidogo." Akageuka kwa mkwe wa dukani. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye upara. "Mkwe wangu. Hapana yako."

"Yangu, baba?"

"Yako. Usitie."

Mkwe wa dukani uso ulimshuka. "Nimekosea wapi, baba?"

"Hujakosea popote. Ingekuwa gari jipya, lililofungwa vizuri, na mwenye gari mkali, ningetia yako nikalala usingizi. Lakini hili limezoea kunyweshwa. Asubuhi nalinywesha mimi. Jirani akiosha lake ananifungulia boneti analinywesha. Juzi nimemkuta muuza mkaa analitilia maji, hata simjui. Itabidi niwakataze watu wote hao, kila siku, hata tone. Mwanangu, kukukataza wewe peke yako kumeninyonya nguvu, nipeni nafasi nikae."

Akakaa kwenye bampa. Akapumua. Kisha akamnyooshea kidole mkwe wa gereji, aliyekuwa ameanza kutabasamu. "Na wewe usicheke. Ningekwambia siku ile ile, tusingefika hapa. Kosa ni langu. Tia yako, na utie sawasawa, nusu kwa nusu."

Hakuna aliyecheka. Mkwe wa gereji aliosha rejeta kwanza kwa maji mengi, ili mabaki ya chekundu yasibaki, kisha akachanganya na kumimina. Wa dukani alisimama pembeni, mikono mfukoni, akitazama ukuta mwingine. Baadaye, kwa kuwa mtu wa vipuri hawezi kutazama ukuta muda mrefu, alikiokota kifuniko cha rejeta, akakibonyeza kwa dole gumba.

"Mwanyumba, umeona hiki? Springi imekufa. Hakizuii chochote. Hata mngetia nini, maji yangeruka tu."

"Nimekiona," alisema wa gereji. "Nilitaka kuja kununua kwako."

"Ulitaka lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Niliona haya, ungeniuliza ya baba iliyokuwamo nimeipeleka wapi, nami sikujua ni yako."

"Basi subiri." Akaenda dukani kwake kwa mwendo wa mtu asiyekuwa na haraka, lakini alirudi upesi, na kifuniko kipya bado kina karatasi.

Wakaondoka jua likiwa limeshapanda. Kinyozi alishika usukani kwa mikono miwili, Bi Sindano safari hii akakaa mbele, jicho lake halibanduki kwenye mshale wa joto. Mlima ukaanza. Gari likahema. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukasimama pale kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi. Kona ya kwanza ikapita. Kwenye kona ya pili mama muuza ndizi aliwaona kwa mbali, akafuta kigoda, akanyanyuka na dumu la maji. Gari likampita. Alibaki amesimama na dumu, kisha akaanza kuwafuata barabarani akipunga mkono.

"Mmepita kwenu," alipiga kelele. "Jamani, mmepita."

Bi Sindano alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Mama watoto," alisema, "kuanzia hapa sijui njia. Ni kushoto au kulia?"

"Kulia," alisema mkewe.

Kinyozi alitaka kufungua mdomo kumwitikia, akaufunga, akakata kulia.

Pacha alikuwa barazani. Nyumba nzima ilikuwa imefungwa kwenye masanduku, mapazia yameshushwa, vitanda vimekunjwa, umebaki mkeka mmoja na vikombe viwili ambavyo alikataa mwanawe asiviguse. Aliwaona wanashuka, akamtazama dada yake juu mpaka chini.

"Umezeeka," alisema.

"Tumezeeka siku moja," alijibu Bi Sindano.

Wakashikana, wakatikisana mabega, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Kisha pacha alimtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amefungua boneti na kulisikiliza gari kama daktari, na akainamia sikio la dada yake kumuuliza safari hii wamefikaje.

"Alimkatalia mkwe wetu," Bi Sindano alinong'ona.

"Nani alimkatalia?"

"Yeye."

"Huyo?"

"Kwa mdomo wake. Mbele ya watu."

Pacha alimvuta mkono mpaka kwenye mkeka, akamkalisha, akamimina chai kwenye vikombe vyote viwili mpaka ikakaribia kumwagika. Akamwambia mwanawe, aliyekuwa akibeba sanduku, aliweke chini na atoke nje akamsalimie baba yake mdogo, achukue muda wake huko.

"Haya," alisema, akikunja miguu. "Anza pale alipofungua mdomo. Usiruke kitu."